Sare ya Januari haifiki Juni: kosa la fundi, kitambaa, ufuaji au mtoto?

#1 MamaWawili
Wanajamvi, salaam. Shule zinafunguliwa, na kwa mafundi foleni imetoka hadi barazani. Hoja yangu ni hii: sare inayoanza Januari ikiwa mpya, hadi Aprili ni aibu, na Juni haifiki. Kaptula inachanika msamba, sketi inafumuka ubavuni, shati jeupe linageuka njano na viatu vinafungua mdomo. Fundi anasema kitambaa, muuza kitambaa anasema fundi, na nyumbani mwenye makosa ni mtoto. Nani mkweli?
Swali la pili: kununua kubwa ili "atakulia humo humo" kunaokoa hela au kunaharibu nguo? Wenye ujuzi karibuni. Ila msije na jibu la "watoto wa siku hizi".

#2 Kapuku Mstaarabu
Watoto wa siku hizi.

#3 Fundi wa Kona
Kapuku, tulia. Mama, mshono una ushahidi wake. Geuza kaptula ndani nje utazame palipochanika.
Kama kitambaa ni kizima na uzi ndio umekatika, hapo fundi hana pa kujificha. Kama uzi ni mzima na kitambaa kimeraruka pembezoni mwa mshono, basi kitambaa ni hafifu au kaptula inambana. Kama nyuzi za kitambaa zimechomoka kwenye mshono na kuacha mwanya unaofanana na ngazi, akiba, yaani kitambaa kinachoachwa nje ya mshono, ilikuwa ndogo na haikupigwa ovaloki, ule mshono wa pembeni unaozuia nyuzi zisichomoke.
Kwa msamba mambo ni matatu. Hatua ya cherehani, yaani urefu wa kila mshono, iwe milimita 2 hadi 2.5, ukihesabu unapata mishono 10 mpaka 12 kwenye inchi moja. Msimu wa Januari wengi wanaweka 4 ili wakimbize kazi, inakuwa mishono 6 kwa inchi, na mtoto akichuchumaa mara moja tu uzi unaachia. La pili, msamba unashonwa mara mbili, mshono wa pili juu ya ule wa kwanza. La tatu, uzi uwe wa poliesta. Ule wa pamba unaozeshwa na jasho na jiki.

#4 Muuza Kitambaa
Fundi umejisafisha mapema! Ila kweli, nusu ya kesi ni kitambaa. Kinachouzwa zaidi kwa sare ni tetroni, mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 kwa mia. Mchanganyiko wenyewe hauna ubaya, tatizo ni uzito. Cha kaptula, suruali na sketi kinatakiwa kiwe gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, cha shati 110 hadi 120. Sokoni kuna cha gramu 150 kinauzwa cha suruali, na dukani hutaona tofauti kwa sababu kimepakwa wanga kikasimama kama ubao.
Jaribio la dukani: shika kona ya kitambaa, kisugue chenyewe kwa chenyewe kwa nguvu kama unafua. Unga mweupe ukidondoka na pale uliposugua pakalegea, wanga ndio uliokuwa unakudanganya. Kisha kinyanyue uelekee mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, hicho si cha makalio ya mtoto.

#5 BiKidude wa Michenzani
Huo wanga sisi tunauita dondo. Kitambaa chenye dondo kinatiwa maji kabla hakijakatwa, wala si baada ya kushonwa. Kiloweke usiku kucha katika maji baridi, asubuhi ukikung'ute, ukianike kivulini, ndio umpelekee fundi. Pamba tupu hurudi sentimita 3 mpaka 5 katika kila mita. Huku kwetu mtoto wa kike wa skuli ana ushungi mweupe juu ya sare, na ushungi wa pamba usiotiwa maji ukifuliwa mara mbili haufiki mabegani.

#6 Mwalimu wa Zamu
Mnabishana fundi na kitambaa, dawati mmelisahau. Tazameni kaptula zinazotoboka kwenye kalio moja tu, pale pale, darasa zima. Hilo ni dawati. Kuna kichwa cha msumari kilichopanda, au ubao wa kukalia umepasuka na kuacha vibanzi. Dawati linalokaliwa na watatu, wa katikati hutoka kwa kuteleza juu ya ubao kila kipindi. Kampeni ya madawati ya 2016 ilileta madawati mengi kwa mkupuo, na dawati la mbao lisilokazwa kila mwaka misumari yake huchomoza.
Dawa: nyundo na msasa siku ya usafi kabla ya kufungua, na pale penye uwezo mbao zifungwe kwa bolti za kichwa bapa badala ya misumari. Kamati ya shule inaweza kuimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

#7 Kapuku Mstaarabu
Mwalimu na ule mteremko wa sementi karibu na choo, wanaoutelezea kwa makalio, nao tuufunge kwa bolti?

#8 Mwalimu wa Zamu
Upo, sikatai. Kutambua ni rahisi: tundu la msumari ni dogo na lina kona. La kuteleza huanza kwa kitambaa kung'aa, kisha kinakuwa chepesi eneo lote la makalio.

#9 Dobi Msomi
Kung'aa kunaweza kuwa ni pasi pia. Poliesta ikipigwa pasi kali hulala na kung'aa, na hairudi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, kwa hiyo weka kitambaa chenye unyevu juu ya nguo halafu ndio upige. Suruali na sketi nyeusi au bluu zipigwe upande wa ndani.
Sasa shati la njano. Watu wanalisukumia jiki, na jiki ndiyo inayolichosha. Shati la mchanganyiko huja na weupe wa kiwandani. Jiki ya mara kwa mara huondoa weupe huo na nguo inarudi rangi ya maziwa. Pia hula uzi wa pamba na mpira wa kiunoni. Njano ya kola na kwapa ni mafuta na jasho, na hayo hutolewa na sabuni. Lowesha kola, paka sabuni ya mche, acha dakika 20, sugua kwa mkono au kitambaa. Brashi ngumu hukwangua kola ikatoa manyoya.
Anayelazimika kutumia jiki aweke kifuniko kimoja katika lita 5 za maji baridi, dakika 10 tu, asuuze mara mbili au tatu. Na asichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, hewa inayotoka hapo ni sumu.

#10 Mkazi wa Kisimani
Dobi, umesahau maji. Kwenye visima vya maji ya chumvi sabuni haitoi povu, inaganda na kubaki kwenye nguo kama utando. Huo ndio weusi wa kola usiotoka. Na kisima chenye madini ya chuma ukikitilia jiki, chuma kinageuka kutu papo hapo na shati linapata madoa ya rangi ya chai. Mtu anaongeza jiki, madoa yanaongezeka, anamlaumu muuza shati.
Kwa maji hayo, kinga maji ya mvua au tafuta ya bomba kwa ajili ya suuzo la mwisho tu. Ndoo moja inatosha mashati matatu ya mtoto.

#11 Dobi Msomi
Nakubali la kutu. Ila la chumvi nina nyongeza: ukitumia sabuni ya unga badala ya mche, utando unapungua sana. Sabuni ya mche ndiyo inayogombana na maji magumu.

#12 Mkazi wa Kisimani
Si dakika mbili zilizopita umetuambia tupake mche kwenye kola?

#13 Dobi Msomi
Kwenye kola, kwa maji laini. Kwenye maji magumu tumia unga uliokorogwa uwe uji mzito. Mkuu unapenda kesi.

#14 Mzee wa Kaki
Hamsemi ukweli. Zamani kaptula ilikuwa kaki ya pamba tupu ya kiwanda cha Urafiki, mtoto anaivaa, anamwachia mdogo wake, na mdogo wake anamwachia mwingine. Hizi tetroni ni mifuko ya plastiki.

#15 Muuza Kitambaa
Mzee shikamoo. Urafiki ilijulikana kwa khanga na vitenge. Na pamba tupu, gramu kwa gramu, huchakaa kwa msuguano mapema kuliko mchanganyiko, hupauka na hurudi. Kaki ile ilidumu kwa sababu ilikuwa nzito na mshazari wa ufumaji wake ulishikana. Leta tetroni ya uzito ule na ufumaji ule, itaipita.

#16 Mzee wa Kaki
Marahaba. Iliipita lini, mbona hatukuiona?

#17 Fundi wa Kona
Wazee msigombane, kuna jaribio. Chomoa nyuzi nne tano pembeni mwa kitambaa uziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Mchanganyiko unaacha jivu lenye vipunje ndani. Muuzaji akikuambia "pamba tupu hii" na punje ikakuchoma kidole, rudisha hela mfukoni. Ila fanyia nje ya duka.

#18 Mama Njeri wa Nakuru
Hamjambo majirani. Kwetu Kenya mihula ni mitatu, kwa hivyo sare inapumzishwa na kukarabatiwa Aprili na Agosti. Nyinyi wa Tanzania mna mihula miwili mirefu, mnataka nguo ikimbie Januari hadi Juni bila sindano kuigusa. Wazazi wengi hungoja ichanike kabisa. Mshono uliolegea sentimita 2 unarekebishwa kwa dakika tano. Ukiachwa wiki, kitambaa nacho kimeenda.
Kuhusu sketi: inafumuka ubavuni kwa sababu fundi ameiba marinda.

#19 MamaWawili
Mama Njeri karibu. Anaibaje marinda?

#20 Mama Njeri wa Nakuru
Piga hesabu. Rinda kamili lenye upana wa sm 3 kwa nje linakula sm 9 za kitambaa: 3 za kuonekana na 6 za kulalia chini. Mtoto mwenye kiuno cha sm 54 ana marinda 18, yaani sm 162 bila akiba. Kitambaa kina upana wa sm 150. Kwa hivyo lazima kiungwe vipande viwili. Fundi asiyetaka kuunga anapunguza kina cha marinda nyuma, mahali mtoto anapokalia. Dukani sketi inapendeza. Mtoto akipanda ngazi, marinda yanafunguka yote na nguvu inayobaki inaenda kwenye mshono wa ubavu, chini ya zipu. Hapo ndipo inafumukia, kila mara.

#21 Fundi wa Kona
Hesabu ni sahihi, hukumu nina shaka nayo. Kwa mtoto wa la kwanza, rinda la sm 3 lenye sm 4 za kulalia linatosha. Inakuwa 7 mara 18, sm 126, kipande kimoja kinatoka na akiba juu. Sketi ya marinda kamili ya kitambaa cha gramu 250 ni mzigo, inamshuka kiunoni. Chini ya zipu ndio ufunguo: pashonwe kwa kurudi mara tatu, na pawekwe kiraka cha ndani cha inchi moja. Mfuko wa kaptula nao hivyo hivyo, kwenye kona zote mbili, maana kule kuna gololi, mawe, na siku nyingine mjusi.

#22 Kapuku Mstaarabu
Hapo kwenye mjusi fundi umenena.

#23 Baba Kipimo
Turudi swali la pili la MamaWawili, naona linakimbiwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 hurefuka kama sm 5 au 6 kwa mwaka. Kiuno huongezeka kama sm 2 tu. Ukimnunulia saizi mbili juu umempanua mahali asipokua. Kiuno kinafungwa kwa pini, kitambaa kinajikunja, mkunjo unasuguana na mkanda na kutoboka. Shati kubwa mshono wa bega unashuka mkononi, akinyoosha mkono kujibu swali shati zima linachomoka. Nunua au shonesha saizi yake ya kiuno na bega, akiba iwe kwenye urefu: pindo la inchi 3 kwa mwaka mmoja.

#24 Fundi wa Kona
Baba Kipimo, sm 5 au 6 ni za mwili mzima. Mguu ni kama nusu yake. Pindo la inchi 3, ambazo ni sm 7 na nusu, ni la miaka miwili. Kwenye mshono wa nyuma wa kaptula niachie inchi moja na nusu kila upande, hiyo ndiyo ya kufumulia kiuno.

#25 Baba Kipimo
Sawa, nimerekebishwa. Ila pindo likifumuliwa mwaka wa pili linaacha mstari mweusi kuzunguka sketi nzima, kila mtu anajua imeongezwa.

#26 Dobi Msomi
Mstari huo ni rangi ya asili, sketi yenyewe ndiyo iliyopauka kwa jua. Anika nguo za rangi ndani nje, kivulini, tangu siku ya kwanza, na mstari utakuwa hafifu. Nyeupe ndiyo inaweza kukaa juani, mradi imesuuzwa sawasawa. Sabuni iliyobaki ikipigwa jua nayo inaleta njano.

#27 Fundi wa Kona
Au shona utepe mwembamba wa rangi ya sweta juu ya mstari, kama shule inaruhusu. Baadhi hazitaki kusikia.

#28 Mfuatilia Nyaraka
Kuhusu gharama, tusisahau Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2015 uliofuta ada uliweka wazi kuwa sare ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo kelele kwa walimu hazina msingi.

#29 Mwalimu wa Zamu
Karibu sawa. Waraka uliofuta ada ni Na. 5 wa 2015. Na. 3 ni wa 2016, huo ndio uliofafanua utekelezaji na kugawa majukumu: sare, madaftari, kalamu na matibabu ya mtoto kwa mzazi. Kidato cha tano na sita wakaja kufutiwa ada 2022.

#30 Mfuatilia Nyaraka
Ahsante mwalimu, nimeigeuza miaka.

#31 Mama Awali
Wote mnaongelea uimara. Kwa wanaoanza awali na la kwanza swali kubwa ni kama mtoto anaweza kuivua mwenyewe. Zipu na kifungo kigumu cha kiunoni vinamchelewesha chooni, anajikojolea, anaogopa kusema, kesho hataki shule na nyumbani mnadhani mwalimu ni mkali. Kwa umri huo weka mpira kiunoni wa inchi moja, uliopitishwa kwenye bomba la kitambaa lenye tundu dogo la ndani ili ubadilishwe ukilegea. Mpira ukatwe mfupi kuliko kiuno kwa sm 5 hivi. Shati liwe na vifungo vikubwa kidogo, na matundu ya vifungo yasibane.
Wiki moja kabla ya kufungua, avae na kuvua sare yote peke yake kila siku, pamoja na viatu. Akikwama kwenye kamba za viatu, mnunulie vya kubandika.

#32 Kapuku Mstaarabu
Huu ndio mchango mzuri kuliko yote na hauna hata mjusi.

#33 MamaWawili
Mama Awali ahsante, hilo sikuwa nimelitazama. Nikiwasoma wote naona tunawavalisha watoto kwa makadirio: Januari nguo inamning'inia, katikati ya mwaka inamkaa, Desemba inambana. Nguo inayomtosha kweli anaivaa miezi michache, na hiyo miezi ndiyo nguo imeshapauka. Na picha tunampiga siku ile ile inayomning'inia.
Viatu je?

#34 Fundi Viatu Stendi
Viatu vya shule vya bei nafuu soli imeshikwa kwa gundi peke yake. Gundi inaachia kwa joto na maji, na mtoto anavianika juani akirudi. Vishonwe soli mzunguko kabla havijavaliwa hata mara moja, maana vumbi likiingia katikati gundi haishiki tena. Sharti la kushona: fundi achane mfereji mdogo chini ya soli, uzi ulale ndani yake. Uzi ukibaki juu ya soli unasagwa na lami na sementi, wiki tatu umekwisha. Uzi uwe wa nailoni uliopakwa nta. Na asibane matundu: umbali wa milimita 6 au 7. Yakikaribiana soli inakatika kama stempu.

#35 Baba Kipimo
Na saizi, ongeza namba mbili. Namba moja ni sentimita moja, mguu unakua sentimita moja kwa mwaka.

#36 Fundi Viatu Stendi
Baba Kipimo leo ni siku yako. Namba moja ya kipimo cha Ulaya, hizi 28, 29, 30, ni milimita 6 na nusu hivi. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi unakua milimita 8 hadi 10 kwa mwaka, kwa hiyo ni namba moja na nusu. Ukiongeza mbili juu ya nafasi ya kawaida, kiatu kinakunjika mbele ya vidole badala ya kwenye kifundo cha vidole, na hapo soli inavunjika. Kisigino nacho kinapanda na kushuka, soksi inatoboka, mtoto anaburuza.
Pima hivi: jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, mtoto asimame juu ya karatasi na soksi zake za shule. Chora miguu yote miwili, chukua ule mrefu. Ongeza milimita 10 hadi 12. Kata kijiti cha urefu huo uende nacho dukani, ukipenyeze ndani ya kiatu. Kijiti kikiingia bila kupinda, kiatu kinafaa. Usitegemee namba iliyoandikwa, viwanda havikubaliani.

#37 Mzee wa Kaki
Zamani tulienda peku na tukafaulu.

#38 Mama Njeri wa Nakuru
Mzee, na soksi pia mlikuwa mnatoboa?

#39 Mwalimu wa Zamu
Jambo moja kwa mafundi na wauza vitambaa, mkae mkao wa kula. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, msingi unakuwa miaka sita. Walioanza la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huo huo. Madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Foleni ya MamaWawili ya barazani itafika barabarani. Mzazi mwenye mtoto katika madarasa hayo ashoneshe Novemba, akiacha akiba, na asingoje majina ya shule kwa kitu kama shati jeupe ambalo ni lile lile karibu kila mahali.

#40 Muuza Kitambaa
Mwalimu usitangaze, bei zitapanda.

#41 Mama Awali
Na majina kwenye nguo tafadhali. Kalamu ya wino inafutika baada ya kufua mara chache. Tarizi herufi mbili kwa uzi wa rangi nyingine ndani ya kola na kwenye lebo ya sweta. Sweta ndiyo inayopotea kuliko vyote, inavuliwa saa nne jua likitoka na kubaki kwenye mti.

#42 MamaWawili
Sweta umenikumbusha. Sweta nyekundu mpya imefuliwa na mashati mawili meupe, yote yamekuwa ya waridi. Kuna namna?

#43 Dobi Msomi
Usiyaanike na usiyapige pasi, joto linaikamatisha rangi. Yakiwa bado mabichi yarudishe kwenye maji baridi mengi na sabuni ya unga, loweka saa moja, badilisha maji, rudia mpaka maji yatoke meupe. Yakibaki na rangi ndipo utumie jiki ile ya kifuniko kimoja, mara moja tu.

#44 BiKidude wa Michenzani
Na sweta ulitie chumvi lisichuje tena. Vijiko viwili katika ndoo.

#45 Dobi Msomi
Bibi, chumvi inatumika kiwandani wakati pamba inatiwa rangi. Sweta ikishatoka kiwandani, na nyingi si pamba, chumvi haishiki chochote. Kinachosaidia ni kule kulowekwa peke yake mara mbili tatu, rangi ya ziada ikatoka.

#46 BiKidude wa Michenzani
Khanga zote za Unguja zinatiwa chumvi siku ya kwanza, na hazichuji.

#47 Mkazi wa Kisimani
Kwetu maji yana chumvi tayari, na sweta zinachuja kama kawaida.

#48 Kapuku Mstaarabu
Sweta ziko mbili, watoto wawili. MamaWawili loweka moja na chumvi, nyingine bila, utuletee picha Jumatatu.